Gharama ya Matibabu: Nani Alipe, na Alipe Lini?

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Diani





Wanachama watakumbuka kwamba mwaka jana jua lilituchwea hali mjadala haujamalizika. Swali lilikuwa hili: Chama kifanye nini juu ya gharama ya matibabu? Wako waliotaka tujenge zahanati yetu wenyewe. Wako waliotaka tuwasaidie wanachama kulipa bima. Na wako waliosema kwamba jambo hili ni la Serikali, na kwamba tukilichukua sisi twaisaidia kukwepa wajibu wake. Maneno yalipanda joto, na Halmashauri ikaagizwa ilitazame jambo hili na kurudi na shauri. Leo twarudi.

Desturi yetu ilivyo

Kwanza tuseme kweli juu ya nafsi zetu. Tangu Chama kianzishwe, desturi yetu imekuwa ni kuchanga baada ya mtu kuanguka. Mwaka huu mkwezi mmoja wa nazi, mwenzetu tunayemjua sote, alianguka kutoka juu ya mnazi akavunjika paja. Ndugu zake walikodi gari, wakampeleka hospitali, kisha wakaambiwa lazima avuke Likoni kwenda Mombasa. Habari ilipotufikia tulitoa daftari, tukapita nyumba kwa nyumba. Mchango ulipotimia, ndugu zake walikuwa wamekwisha uza kipande cha shamba. Leo anatembea kwa fimbo, na twashukuru. Lakini shamba halirudi, na kila mzee aliyeketi hapa anajua maana ya shamba kuondoka katika ukoo hapa Diani, tulikokwisha poteza ardhi nyingi kwa sababu nyingine.

Tulipolipekua daftari tuliona jambo la kutia haya. Mchango wa maziko hutimia kwa siku moja. Mchango wa mgonjwa huchukua majuma. Twazika upesi, twatibu polepole. Hatusemi haya kwa kuwalaumu watu, maana kila mmoja hutoa alichonacho siku ile. Twasema kwamba kosa limo katika desturi yenyewe: fedha hutafutwa wakati ambapo muda wa kuzitafuta umekwisha.

Njia tuliyopitia

Vijana wengi hudhani kwamba ubishi huu ni mpya. Wazee wanajua kwamba sivyo. Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1963, viongozi walitaja maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Mwaka 1965 Serikali iliondoa ada ya shilingi 5 iliyokuwa ikitozwa wagonjwa wa kutwa katika vituo vyake, ikasema matibabu hayo yatakuwa bure. Mwaka uliofuata, 1966, ikaanzishwa Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, nayo ilikuwa ya wafanyakazi wa mshahara waliopata shilingi 1,000 kwa mwezi au zaidi. Mwaka 1972 mlango ulifunguliwa kwa wengine kujiunga kwa hiari. Basi tangu mwanzo kulikuwa na njia mbili: kodi ya wote kwa matibabu madogo, na makato ya mshahara kwa kulazwa hospitali. Mvuvi, mkulima na mgema walikuwa katika njia ya kwanza tu.

Hata wenye mshahara hawakuwa salama daima. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipoanguka mwaka 1988, mishahara ilikoma, na makato yakakoma pamoja nayo. Bima iliyofungwa kwenye ajira hufa siku ile ile ajira inapokufa, wakati mtu anapoihitaji zaidi.

Mwezi wa Desemba 1989, hazina ya nchi ikiwa na dhiki, Serikali ilirudisha ada kwa jina la kugawana gharama. Ikaisimamisha mwaka 1990 baada ya watu wengi kuacha kwenda kutibiwa, kisha ikairudisha tena hatua kwa hatua. Mwaka 2004 ada katika zahanati ilipunguzwa ikawa shilingi 10, na katika vituo vya afya shilingi 20. Mwaka 2013 ada hizo ziliondolewa, na akina mama wakaruhusiwa kujifungua bila malipo katika hospitali za Serikali. Mwaka huo huo kazi nyingi za afya zilihamishiwa serikali za kaunti, nasi tukawa chini ya Kaunti ya Kwale.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumzuia mzazi hospitalini kwa sababu ya deni ni kuvunja haki zake. Haya ni mambo makubwa, na yafaa kila mwanachama ayajue.

Hoja ya kwanza: kila mtu alipe kidogo

Katika mkutano uliopita mzee mmoja alisema kwamba kitu cha bure hakithaminiwi, na kwamba ada ndogo haimuumizi mtu. Hoja hii ina heshima yake, na hata mawaziri wa afya wa Afrika waliokutana Bamako, nchini Mali, mwaka 1987 waliikubali kwa namna yao: dawa ziuzwe kwa bei nafuu, na fedha zinunue dawa nyingine, zikisimamiwa na wanakijiji wenyewe.

Lakini hoja hii imejaribiwa hapa hapa Kenya, na majibu yake twayajua. Katika zahanati maalumu ya magonjwa ya zinaa mjini Nairobi, ada ilipoanza baada ya 1989, idadi ya wanaume waliokuja kila mwezi ilishuka hata ikawa asilimia 40 ya ile ya kwanza, na ya wanawake asilimia 65. Maradhi hayakupungua, waliopungua ni waliotibiwa, na maradhi ya namna ile humfuata asiyetibiwa hadi nyumbani kwake.

Huko Busia, watoto wa shule walikuwa wakipewa dawa ya minyoo bure, na robo tatu yao wakimeza. Wazazi wa shule nyingine walipotakiwa kulipa ada ndogo, waliomeza hawakufika hata mmoja kwa watano. Hali kadhalika vyandarua: uchunguzi uliofanywa magharibi ya Kenya ulionyesha kwamba mama wajawazito walipotakiwa kulipa shilingi 40 tu, idadi ya waliochukua ilianguka vibaya mno, na wale waliopewa bure walivitumia sawasawa na walionunua.

Basi twajifunza kwamba ada ndogo siku ya ugonjwa si ndogo kwa asiye na kitu siku hiyo. Mwenye shilingi 40 mfukoni anazo pia njaa za watoto wanne.

Hoja ya pili: iwe bure, Serikali ilipe yote

Hoja hii ndiyo inayopendwa zaidi na wanachama, nasi hatuipingi. Jirani zetu wa Unguja na Pemba walitangaziwa matibabu bure baada ya Mapinduzi ya 1964. Uingereza iliyotutawala iliwapa watu wake matibabu yasiyolipiwa mlangoni tangu tarehe 5 Julai 1948, hali sisi huku tukitozwa. Hapana aibu kuidai haki hiyo.

Hata hivyo, neno bure lina pande mbili. Daktari hulipwa mshahara, na dawa hununuliwa. Mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya matumizi ya serikali zao kwa afya, na nchi nyingi, yetu ikiwamo, hazikuifikia ahadi ile. Matokeo yake wanachama wanayajua. Mgonjwa hufika, hupimwa bila malipo, kisha hupewa kikaratasi akanunue dawa dukani. Mwaka 2017 wauguzi wa umma waligoma miezi mitano, na madaktari kabla yao siku 100. Wakati kama ule, matibabu ya bure yalikuwa mlango uliofungwa.

Tena tukumbuke nauli. Mtu wa bara ya Kinango, au wa vijiji vya mbali vya Msambweni, aweza kutibiwa bure na bado akauza mbuzi ili afike. Mganga wa kienyeji hana nauli, yupo mtaani. Tena hukubali kulipwa kuku leo na salio baada ya mavuno. Watu husema wenzetu huenda kwa waganga kwa sababu ya ujinga. Sisi twaona kwamba mara nyingi huenda kwa sababu masharti yake ya malipo yanafanana na maisha yao.

Hoja ya tatu: bima

Bima ni kuchanga kabla ya kuanguka, na kuchanga wengi kwa ajili ya wachache watakaougua. Tanzania walianza Mfuko wa Afya ya Jamii huko Igunga mwaka 1996. Rwanda walianza mifuko ya namna hiyo mwaka 1999, kisha wakaieneza nchi nzima, na Serikali ikawalipia walio maskini kabisa. Rwanda walifaulu kuwaingiza watu wengi mno. Huko Tanzania wengi walijiunga mwaka mmoja wakaacha mwaka wa pili, kwa kuwa walifika zahanati wakakuta rafu tupu. Funzo ni wazi: hakuna atakayelipia mwaka wa pili dawa asizozipata mwaka wa kwanza.

Sasa tuje kwetu. Mwezi wa Oktoba 2023 zilitiwa sahihi sheria mpya za afya, na bima ya zamani ikavunjwa. Mwezi wa Julai 2024 Mahakama Kuu ilizikataa sheria hizo, mwezi wa Septemba Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi ule, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, watu waiitayo SHA, ikaanza kazi.

Twaomba wanachama wayashike mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. La kwanza, mpango huu uliwekwa ili aliyejiandikisha atibiwe katika zahanati na vituo vya afya bila mchango wowote, kwa fedha za hazina ya Serikali. Kujiandikisha hufanywa hata kwa simu, kwa *147#. La pili, kulazwa na kupasuliwa katika hospitali kubwa kunategemea mchango. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya nyumba yake, mifugo na mali, kisha hukadiriwa, na kiwango cha chini kilichowekwa ni shilingi 300 kwa mwezi kwa nyumba nzima, zilizotakiwa kulipwa za mwaka mzima kwa pamoja.

Hapa ndipo penye mgogoro. Bima ya zamani ilimtoza asiye na mshahara shilingi 500 kwa mwezi, kwa hiyo hesabu ya chini ya sasa ni nafuu zaidi. Lakini shilingi 3,600 kwa mkupuo mmoja ni mlima. Mvuvi wa Gazi au wa Mwaepe hupata wakati wa Kaskazi, na Kusi ikivuma dau hulala pwani. Kijana wa hoteli huajiriwa wageni wakija, na huambiwa apumzike nyumbani mvua zinapoanza. Mwenye minazi husubiri mwangusho. Kumwambia mtu wa namna hii alipe mwaka mzima kwa siku moja ni kumpimia kwa kibaba cha karani.

Tena hatutaficha upande mbaya. Mwaka 2025 hospitali za watu binafsi zililalamika hadharani kwamba madai yao hayajalipwa, na baadhi zikataka fedha taslimu kwa wagonjwa waliokwisha changa. Mwanachama aliyeuliza mwaka jana, "Je, tulipe halafu tufukuzwe?" aliuliza swali la haki, na jibu letu limo katika mashauri yetu hapa chini.

Funzo la visima

Tulipofika hapa Halmashauri iligawanyika, hata mama mmoja wa kamati alipotukumbusha habari ya visima. Katika miaka ya 1980, hapa pwani ya kusini, shirika la KWAHO lilisimamia mradi wa pampu za mkono, na pampu ya Afridev ilijaribiwa katika vijiji vyetu. Kamati za maji ziliundwa, wanawake wakashika hazina na kufungua akaunti za benki, na wanakijiji wakafunzwa kutengeneza pampu wenyewe. Kila aliyeishi wakati ule alijionea: kisima ambacho fedha zake zilikusanywa kabla pampu haijavunjika kilitengenezwa upesi, na kisima kilichongoja kuvunjika ndipo watu wachange, kilikaa kimya na wanawake wakarudi kuchota maji machafu.

Ndugu wanachama, funzo tulikuwa nalo nyumbani miaka yote hii. Fedha zile zile, za watu wale wale, huwa na nguvu zaidi zikitangulia mbele ya msiba.

Kinga

Tusisahau pia kwamba ugonjwa usiokuja ndio wenye gharama ndogo kuliko yote. Kati ya mwaka 2015 na 2017 ulifanywa uchunguzi mkubwa wa dawa ya minyoo katika kaunti yetu hii ya Kwale. Mahali walipopewa watoto wa shule peke yao, wenye safura walishuka kutoka karibu watu 19 katika kila 100 hadi karibu 14. Mahali walipopewa watu wote wa kijiji mara moja kwa mwaka, walishuka kutoka karibu 18 hadi 8. Walipopewa wote mara mbili kwa mwaka, walishuka kutoka karibu 21 hadi 6. Maana yake ni kwamba mtoto hutibiwa shuleni, akarudi nyumbani kuambukizwa tena na sisi wakubwa. Kwa hiyo, mhudumu wa afya ya jamii akibisha mlangoni, mzee wa nyumba awe wa kwanza kumeza dawa, asiwaachie watoto.

Mashauri ya Halmashauri

Baada ya kuyapima yote, twaleta mashauri matano, nasi twaomba yapigiwe kura leo.

La kwanza, Chama kisijenge zahanati. Kuta ni kazi nyepesi. Mshahara wa muuguzi na dawa za kila mwezi ndizo zitakazotushinda, na jengo tupu litakuwa aibu yetu kwa wajukuu. Afadhali tukitie nguvu kituo cha afya kilichopo.

La pili, kila mtaa uwe na sanduku la afya. Mwenye kipato cha kila siku aweke shilingi 10, na kwa siku 365 atakuwa na shilingi 3,650. Mvuvi aweke shilingi 20 kwa siku 180 za msimu mwema, na atakuwa na shilingi 3,600 kamili kabla Kusi haijashika. Mwenye minazi aweke siku ya mwangusho. Aliyekadiriwa zaidi ya kiwango cha chini ataongeza kwa hesabu yake. Siku ya kulipa ikifika na mtu amepungukiwa, Chama kimkopeshe salio kutoka mfuko wa maziko, bila faida. Mfuko ulioanzishwa kuzika hautatiwa doa kwa kuponya.

La tatu, fungu dogo litengwe kwa nauli na gari la mgonjwa, ambavyo hukwamisha watu wetu hata penye matibabu ya bure.

La nne, wale wasioweza hata shilingi 10, wajane, wazee wasio na watoto, na vilema, wajulikane na wazee wa mtaa kwa siri na kwa staha, na Chama kiwalipie. Asisomwe mtu jina lake mkutanoni kwa sababu ya umaskini.

La tano, iundwe kamati ya watu watatu, wawili wao wanawake, iende kila mwezi kituoni na hospitalini kuuliza dawa gani hazipo na ni mwanachama gani aliyetozwa asipostahili kutozwa, kisha iandike barua kwa Kaunti na kuifuatilia. Hili ndilo jibu letu kwa wale waliosema jambo hili ni la Serikali, na kwa yule aliyeogopa kulipa halafu afukuzwe. Kweli ni la Serikali. Lakini mtu mmoja aliyefukuzwa hunung'unika. Aliye na Chama nyuma yake huandikiwa barua, na barua hujibiwa.

Jambo la mwisho ni uaminifu. Vyama vingi vimekufa kwa sababu ya sanduku. Kwa hiyo funguo ziwe mbili mikononi mwa watu wawili wasio wa ukoo mmoja, fedha zipelekwe benki kila juma, na daftari lisomwe hadharani kila mwezi, hata kama hesabu ni ndogo. Mweka Hazina asione kwamba twamshuku, tutakuwa tunamlinda.

Bwana Mwenyekiti, hatudai kwamba mashauri haya yatamaliza dhiki yote. Yapo maradhi yanayozidi uwezo wa sanduku lolote, na kwa hayo tutaendelea kuidai Serikali haki iliyoandikwa katika Katiba. Lakini mwaka ujao, mkwezi mwingine akianguka, twataka daftari letu lionyeshe kwamba alikwisha lipiwa kabla hajaupanda mnazi, na kwamba shamba lake bado ni lake.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Twaviweka vidole vyetu mbele yenu, nasi twangoja vyenu.